Mkoba wa baiskeli unaobonyea: kata dumu, bati liache

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza. Kila siku naendesha baiskeli kilomita 6 kwenda na 6 kurudi. Nina mikoba miwili ya turubai ya kuning'iniza pembeni mwa keria, niliipata mnadani. Turubai lenyewe ni zima, ila mikoba ni laini kama mto wa kulalia. Asubuhi nabeba madaftari ya darasa zima, jioni narudi na sweta na kontena la chakula. Mkoba wa kushoto umeshaingia kwenye spoki mara mbili, zote nikiwa narudi nyumbani, na mara ya pili nusura nianguke. Nikakata boksi nikaweka ndani, likafaa siku tatu, mvua ikanyesha likawa uji. Jirani anasema niweke bati, mke wangu anasema plaiwudi, mwanangu anasema ninunue mikoba mipya. Nataka nitengeneze mwenyewe kitu cha kuukaza kwa ndani, kwa gharama ndogo. Nitumie nini na nikishikizeje? Gundi niliyojaribu kwenye plastiki haikushika."

Marahaba, mwalimu. Kuna sentensi moja uliyoipita haraka, mimi nikairudia mara tatu: mara zote mbili ulikuwa unarudi nyumbani. Watu wengi wanaoniletea mikoba ya namna hii husema mzigo umezidi, ndio maana mkoba umeingia kwenye gurudumu. Kwako mzigo ulikuwa umeshashuka. Kilichoingia kwenye spoki ni mkoba mtupu.

Fikiria asubuhi. Daftari moja la kurasa 96 lina kama gramu 100, kwa hiyo darasa la watoto 45 ni kilo 4 na ushee. Ukiyapanga yakabanana, yanausukuma mgongo wa mkoba ukanyooka, na uzito wake unavuta kitambaa kwenda chini kikatulia. Rundo la madaftari lililofungwa kamba ni ubao tosha. Jioni ubao huo umebaki kabatini shuleni. Mkoba sasa unaning'inia kwenye kulabu mbili kama kanga kwenye kamba, na ukipita kwenye shimo kitako chake kinaruka, kinacheza kidogo hewani, halafu kinatua kokote, ikiwemo upande wa gurudumu.

Na gurudumu halisubiri. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani, zile za matairi ya 28, zina spoki 40 nyuma. Ukienda mwendo wa kawaida, kilomita 15 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara mbili kwa sekunde. Kila sekunde spoki kama 75 zinapita mbele ya kona ya mkoba wako. Ikinaswa na moja tu, turubai linaburutwa hadi kwenye mhimili wa fremu, linajikunja hapo, gurudumu linasimama papo hapo. Nusura yako ilikuwa nusura kweli.

Kwa hiyo unachohitaji ni bitana ngumu ya mgongo wa mkoba, yaani ule ukuta unaotazama gurudumu, pamoja na kitako. Kuta nyingine ziache laini. Naona watu wanatengeneza sanduku kamili la pande zote wakidhani ndiyo kazi nzuri, kisha zipu haifungi, kisigino kinagonga, kona zinatoboa turubai, na mkoba uliokuwa mwepesi unakuwa kama debe. Ulaini wa ukuta wa nje una faida yake: ukianguka unabonyea, ukipita mlango mwembamba unabonyea, ukinunua fungu moja la machungwa zaidi unapanuka.

Kabla hujakata chochote, inama utazame keria yenyewe. Zile za chuma za baiskeli nzito zina vyuma viwili vinavyoshuka kila upande hadi kwenye ekseli, na mkoba unaegemea hapo. Keria nyepesi za baiskeli za gia, hasa zinazobana kwenye bomba la kiti tu, hazina kitu pembeni. Kama yako ni ya namna hiyo, hakuna bitana itakayokuokoa, maana ubao usio na pa kuegemea utaingia wote kwenye gurudumu ukiwa umekakamaa. Hapo kwanza nenda kwa fundi wa kuchomelea, akuongezee nondo ya milimita 8 iliyokunjwa umbo la V kila upande. Keria ya aluminiamu usimpelekee fundi mwenye mashine ya vijiti vya kawaida, ataiyeyusha. Tafuta ya chuma. Na angalia kulabu ya kushoto: imelika? Imelegea? Una mkanda mrefu unaoning'inia upande huo? Mikanda mirefu huingia kwenye spoki mara nyingi kuliko mkoba wenyewe, na dawa yake ni kiberiti na mkasi.

Sasa ukakamavu. Chukua rula ya mwanafunzi, ishike kwa ncha moja ikiwa imelala, ibonyeze: inapinda. Igeuze isimame kwa ubavu, ibonyeze tena: haitikisiki. Plastiki ni ileile. Kilichobadilika ni kina cha kitu upande ule unaokibonyeza, na kina hicho kina nguvu ya ajabu. Ukizidisha unene wa kipande mara 2, ukakamavu wake unapanda mara 8. Lakini usikimbilie kuweka vipande viwili vyembamba ukadhani umepata hiyo mara 8. Kunja daftari: linakunjika kirahisi kwa sababu kila ukurasa unateleza juu ya mwenzake. Kurasa hizohizo zikigandishwa kwa gundi zinakuwa kipande cha mbao. Vipande viwili vilivyowekwa pamoja bila kushikana vinakupa mara 2 tu.

Kuna njia ya kupata ukakamavu bila kuongeza unene, na iko juu ya paa lako. Bati ni jembamba kiasi kwamba mtoto anaweza kulikunja, lakini likipewa migongo fundi anatembea juu yake. Mkunjo ndio unaobeba. Kwa hiyo bitana yako ikiwa na mkunjo chini, pale mgongo unapokutana na kitako, ukingo wa chini utakuwa mgumu kuliko sehemu nyingine zote. Ni ukingo huohuo unaorandaranda karibu na spoki. Ndiyo maana nataka kipande kimoja chenye umbo la L, badala ya viwili vilivyokaa jirani.

Ushauri wa jirani yako niujibu kwa kisa. Nilipokuwa kijana kazini nilitengeneza bitana ya bati, nikajisifu mtaa mzima. Wiki ya pili ukingo ulikuwa umeshakata turubai kutoka ndani kama wembe. Mwezi haukuisha, nati ya keria ikalegea, bati likaingia kwenye gurudumu, nikapoteza spoki 7 na ngozi ya goti. Kitambaa kikiingia kwenye spoki kuna wakati kinachanika na kukuachia. Bati halichaniki. Zaidi ya hayo linapiga kelele barabara nzima, na likishalowa linaacha kutu kwenye madaftari ya watoto.

Mkeo yuko karibu na ukweli. Plaiwudi ya milimita 4, sentimita 30 kwa 35, ina uzito kama robo kilo na haipindi. Shida yake ni maji: usipoipaka vanishi, tena hasa kwenye kingo, tabaka zinaachana kama mandazi yaliyokaa. Nayo haikunjiki kuwa L, kwa hiyo utahitaji vipande viwili na bawaba. Hadibodi usiiguse, inavimba kuliko boksi lako. Na boksi usilidharau, tutalirudia.

Watu wengine hutumia yale mabango ya plastiki yenye mirija ndani, ambayo baada ya uchaguzi hubaki yakining'inia kwenye nguzo. Ni mepesi mno na yana akili ileile ya paa la bati. Ukiyapata, mirija isimame wima kutoka kulabuni kwenda chini, maana bango hupindika kirahisi likifuata mrija, na kwa shida likiukata. Ila bango lililokaa juani muda mrefu limeshaoza bila kuonekana. Kunja kona yake: likipasuka kama biskuti, liache hapo.

Mimi ningekata dumu. Dumu la njano la lita 20, la mafuta ya kula. Ukuta wake una unene wa milimita moja na nusu hivi, haunyonyi maji, haupasuki ukianguka, na kizuri kuliko vyote, tayari lina mkunjo wa L. Lilaze dumu ubavuni na ulitazame vizuri. Ubavu mpana na ubavu mwembamba vinakutana kwenye kona ndefu, iliyoviringwa kiwandani, isiyo na ufa wala alama ya kisu. Ubavu mpana utakuwa mgongo wa mkoba, ubavu mwembamba utapunguzwa uwe kitako, na ile kona itakuwa ukingo wako wa chini. Kukunja plastiki ya namna hii mwenyewe ni kazi ya maji ya moto na matusi. Hapa umeshakunjiwa.

Liwe dumu la mafuta ya kula au la maji. Lililowahi kubeba dawa ya shamba, asidi ya betri au petroli, hapana, hata ulioshe mara 10. La petroli lina hatari ya ziada, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka ukigusa kitu cha moto. La mafuta lisugue kwa majivu na sabuni, na ulijaribu kona kama lile bango. Lililofifia likawa jeupe na gumu kwa jua halifai.

Sasa lirudi boksi. Kata boksi kwanza, uliweke ndani ya mkoba, upunguze hadi likae bila kulazimishwa, likiwa dogo kuliko mkoba kwa sentimita 1 kila upande. Kosea kwenye boksi kadiri upendavyo, ni bure. Halafu lichore juu ya dumu kwa kalamu ya wino mzito, mstari wa mkunjo ukiwa juu ya ile kona. Kitako kisizidi upana wa mkoba ukiwa mtupu. Sentimita 12 zinawatosha wengi.

Fungua dumu kwa msumeno wa chuma, kisha ufuate mistari kwa kisu cha kukatia boksi, ukipita mara tatu nne kwa mkono mwepesi. Anayetaka kumaliza kwa mkato mmoja ndiye anayejikata. Kona zote zizungushe kwa kufuata sarafu ya shilingi 200. Kingo zikwangue kwa kisu kilichosimama wima, halafu msasa, hadi uweze kupitisha kidole bila kuogopa. Mwisho chana tyubu kuukuu vipande vya upana wa vidole viwili, uvizungushie kwenye kingo na kuvishona. Ukingo unaokwaruza kidole leo utatoboa turubai mwezi ujao.

Kipande kikibaki na tumbo kidogo, kimwagie maji yaliyotoka kuchemka, ukilaze sakafuni chini ya matofali mawili hadi asubuhi. Kikikataa kunyooka kabisa usigombane nacho, hakikisha tu kingo zinaelekea upande wa mzigo na siyo upande wa gurudumu. Toboa matundu matatu kwenye kitako ili maji yatoke. Msumari wa moto unatosha kwa kazi hiyo, ukishikwa kwa koleo, tena nje penye upepo.

Kuhusu gundi, si wewe uliyekosea. Geuza dumu utazame kitakoni, mara nyingi utaona pembetatu yenye namba 2 ndani. Hiyo ni polithini nzito, na polithini na mshumaa ni ndugu: vyote ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, ya mshumaa mifupi, ya dumu mirefu sana. Gundi inateleza juu ya dumu kwa sababu ileile inayofanya tone la maji litiririke kwenye nta. Hiyo supagluu ya shilingi mia chache itakauka vizuri, itang'aa, na itabanduka kama gamba. Kinachoshika hapa ni bolti au uzi.

Ukiweza, tumia vyote viwili. Kulabu za mkoba wako zimefungwa kwenye turubai tupu, na turubai huchanika pale pale kulabu inapovuta. Fungua bolti zake, sogeza bitana hadi nyuma ya kulabu, toboa plastiki mahali palepale, angalau sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, halafu rudisha bolti zikipita kulabu, turubai na plastiki kwa pamoja, na washa pana, yaani kile kibati cha duara chenye tundu, kwa ndani. Kwa kawaida bolti za spana namba 8 zinatosha. Sasa uzito haung'ang'anii matundu mawili ya kitambaa, umeenea kwenye kipande kizima. Kwa hili peke yake mkoba wako utaishi miaka zaidi. Ncha za bolti zisielekee gurudumu. Weka vichwa upande huo, nati ndani, na juu ya nati kipande cha tyubu zisikwaruze madaftari.

Sehemu ya chini ishonwe kwa mishono minne mirefu, kila kona mmoja. Usiende kwa fundi cherehani, sindano yake itakatika na yeye atakulaumu. Nenda kwa fundi viatu. Ana msharasi, ana uzi wa nailoni uliopakwa nta, na anajua kupita kwenye kitu kigumu bila kukipasua. Ni kazi ya dakika chache, ukae hapohapo kwenye kibenchi umsubiri.

Umefika mbali, lakini hujamaliza. Bitana inaufanya mkoba usijikunje, haiuzuii kuyumba. Kinachouzuia ni kitu cha kuushika chini. Mkoba wa dukani huwa na kulabu ndogo na mpira kwa ajili hiyo, na kwenye mikoba ya mnada ndicho kitu cha kwanza kupotea. Kata utepe wa tyubu, ufunge kwenye lile tundu la kitako lililo karibu na mkunjo wa dumu, weka kulabu ya umbo la S mwisho wake, uinase chini kabisa kwenye chuma cha keria karibu na ekseli. Uvute kiasi kwamba ukiunyanyua mkoba kwa mkono unarudi wenyewe. Ningelazimishwa kuchagua kati ya bitana na mpira huu, ningechukua mpira. Bahati nzuri gharama yake ni tyubu iliyotoboka.

Kuna jambo moja ambalo ulaini ulikuwa unakufichia. Kaa kwenye baiskeli, zungusha pedeli kinyumenyume na viatu vyako vya kazini, na usikilize. Mkoba laini ulikuwa unakipisha kisigino bila wewe kujua. Mgumu hautakipisha, utakupiga kila mzunguko kwa kilomita 6. Kikigusa, sogeza kulabu nyuma kidogo kwenye keria, au kata ile kona ya mbele ya chini kwa mshazari, sentimita 5 hivi, bitana na kitako pamoja. Turubai litajikunja lenyewe hapo.

Mvua ni habari nyingine. Bitana hii haitazuia maji kuingia juu, na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo usinitajie. Kipande cha nailoni ya kufunikia meza, kilichokunjwa kama bahasha kuzunguka madaftari, kinatosha.

Mwanao naye nisimpuuze. Mikoba yenye mgongo mgumu wa kiwandani ipo, na kama turubai lako limeoza, yaani ukilivuta kwa vidole gumba viwili linatoa mlio na kufunguka, basi bitana utakuwa umeivalisha kitambaa cha maiti. Hapo anza kuweka akiba. Lakini umesema turubai ni zima, na mikoba mipya mingi ninayoifungua hapa kibandani ndani yake nakuta plastiki nyembamba kuliko dumu lako.

Kitu kimoja usikifanye nyumbani: kunyoosha gurudumu. Mkoba umeshanaswa mara mbili, na mara ya pili ulikaribia kuanguka. Nyanyua nyuma ya baiskeli, zungusha gurudumu, utazame nafasi kati ya ringi na breki. Likiyumba kushoto kulia, au ukizipiga spoki kwa kucha na moja inatoa sauti ya chini kuliko majirani zake, mpelekee fundi baiskeli anyooshe kabla hujatundika mkoba wowote. Angalia pia zile ncha za keria zinazofungwa karibu na ekseli. Ufa mwembamba kama unywele hapo unamtaka mtu wa kuuona kwa macho yake, mimi siwezi kuuona kutoka huku.

Ukishafunga kila kitu, nenda darasani ukachukue chaki. Ipake nyeupe tele kwenye mgongo wa mkoba, upande wa gurudumu, hasa chini. Weka ndani sweta na kontena tu, maana tunaujaribu ukiwa mtupu, siyo ukiwa umejaa. Endesha mara mbili kwenye kile kipande kibaya kuliko vyote cha barabara yako, kisha simama utazame. Chaki ikiwa imefutika kwenye mistari miwili inayolingana na vyuma vya keria, umemaliza. Ukiona weupe kwenye spoki hata moja, acha bitana kama ilivyo, ukaze kwanza ule mpira wa chini, halafu upake chaki upya.